Tundu Ambalo Sikulitoboa

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nimeikumbuka peke yangu miaka mingi, na leo nitaikumbuka kwa sauti kwa sababu umenilazimisha. Kaa hapo kwenye kigoda. Simu weka chini. Nimekasirika, sitaki kukudanganya, na usiniletee ule uso wako wa kungoja mzee amalize kelele zake ili urudi kwenye shughuli zako.

Asubuhi hii niliingia karakana kutafuta tupa. Nikakuta kisu kimoja kati ya vile vinne ulivyowatengenezea warina asali wa upande wa Ikungi, hicho kilichobaki kwa sababu mwenyewe hajaja kukichukua. Nikakishika. Nikasema moyoni, kijana anajua kung'arisha mpini, hilo siwezi kumnyima. Halafu nikavuta kamba, wala si kwa nguvu, nilivuta tu kama ninavyovuta kamba ya kila kisu ninachokishika. Ikatoka yote. Ikanibaki mkononi, na mwishoni ina kidonge cha gundi iliyokauka. Nikachukua patasi nikaupasua mpini, nikatazama. Mkia wa chuma ni mzima tangu mwanzo hadi mwisho, hauna tundu popote. Kamba uliichomeka na kuibandika kama mtu anayebandika tangazo ukutani.

Nilipokuita ukaniambia, "Baba, ni kamba tu hiyo. Wengine hata hawaivai." Nikakuuliza vile vitatu viko wapi, ukasema vimechukuliwa juzi. Nikakuuliza wanarina lini, ukasema kesho jioni. Ukampigia yule mmoja ambaye una namba yake, hapatikani. Ukapiga tena, hapatikani. Ukaitia simu mfukoni ukaenda kunywa chai. Yaani watu watatu wanapanda miti kesho na visu vyako mikononi, na wewe unakoroga sukari.

Gari la kwenda mjini linapita hapa saa nne. Sasa ni saa tatu na nusu. Utanisikiliza mpaka nimalize.

Najua unajua namna ya kulitengeneza tundu hilo, maana nilikufundisha mimi. Lakini nitasema tena, pengine wakati ule ulikuwa unatazama nje. Tunatwaa chuma cha springi ya lori, tunakifua mpaka kiwe bapa, na nyuma tunaacha mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Mpini ni vibao viwili vya mninga, kimoja huku na kingine kule, mkia uko katikati. Kisu cha kawaida unakitoboa tu kutoka ubavu mpaka ubavu, unapitisha kamba, kazi imekwisha. Kisu cha mrina asali hakitobolewi ubavuni. Asali huingia kwenye tundu, sisimizi huifuata, mti wa mpini unaoza na kupasuka palepale, na kamba inamchubua mtu kiganja. Kwa hiyo tundu tunalificha. Tunatoboa ule mkia wa chuma wenyewe, karibu na mwisho. Vibao tunavichimba kwa ndani tu, mfereji mwembamba, bila kufika nje. Kamba inaingilia nyuma ya mpini, inapita kwenye tundu la chuma, inarudi ilikotoka. Kwa nje unaona mpini laini na kamba inayotoka mahali padogo kama punje ya hindi. Mtu akikivaa mkononi, chuma ndicho kinachoshikilia. Kamba ile ataikata kwa shoka, hataing'oa.

Na tundu hilo lina wakati wake. Unalitoboa chuma kikiwa bado laini, kabla hujakipasha moto wa mwisho na kukitosa kwenye oili chafu kikomae. Ukishakitosa, umechelewa. Kekee itateleza juu yake na ncha itavunjika. Wewe ulisahau. Ulikuwa unatengeneza visu vinne kwa mpigo, una picha za kupiga, una watu wa kuwajibu kwenye simu, ukavitosa vyote vinne kabla ya kutoboa. Usinitazame hivyo. Nimejua kwa sababu mimi nilifanya kosa hilohilo kabla hujazaliwa, na nilifanya kama ulivyofanya wewe, ila mimi nilitumia lami.

Basi sasa sikiliza nilivyolifanya.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, niko mwaka wa nne kwa Mzee Msengi kule Ulemo. Mzee Msengi alikuwa mhunzi ambaye watu walitoka mbali kumfuata, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Angekutuma maji kwa kukuonyesha ndoo. Alikuwa na desturi moja ambayo warina asali wote wa huku waliijua. Kisu chenye tundu la kufichwa hakufunga mpini mpaka mwenye kisu aje. Alikuweka kwenye benchi, akakuwekea mbele chuma na vibao viwili vikiwa wazi, akakupa kamba, akasema, "Pitisha." Unapitisha mwenyewe, unavuta mwenyewe, unaridhika. Ndipo anagongea ribiti za kufunga mpini mbele ya macho yako. Uwe na haraka, uwe na njaa, uwe umeacha mgonjwa nyumbani, utangoja. Alisema yeye hawezi kumfungia mtu kitu asichokiona na kumwambia akakitegemee juu ya mti.

Nawe nilikufundisha desturi hiyo. Ukaniambia wateja wa siku hizi hawana muda, wanaagiza kwa simu, unawatumia picha. Nikakuacha. Hilo nalo ni kosa langu, nitalibeba.

Mkumbo alikuwa kijana wa hapahapa Kinampanda. Unamkumbuka akiwa mzee, yule aliyekuwa akikupa karanga mfukoni ukitoka shule. Wakati ule alikuwa kanizidi miaka mitatu tu, mwepesi wa kupanda, mcheshi, na ndio kwanza ameoa. Mke wake, Raheli, ni huyu mnayemwita Mama Raheli ambaye Jumapili ukimwamkia anakupa mkono wa kushoto, nawe hukuwahi kuuliza kwa nini. Mkumbo alipanda, Raheli alikaa chini ya mti na kamba ya ndoo. Mume anakata masega juu, anajaza ndoo, mke anaishusha polepole. Watu walikuwa wanawatania kwamba hata kurina asali hawawezi bila kuwa pamoja.

Akaja kuagiza kisu. Mzee Msengi akalifua bapa mwenyewe. Siku ya tatu akaletewa habari ya msiba wa shemeji yake, akaondoka upesi, akaniambia maneno machache, "Malizia. Mkumbo akija, mwonyeshe ndani."

Kichwa kikanivimba. Mara ya kwanza naachiwa kisu cha mtu. Nikachagua kipande cha mninga chenye rangi mbili, chekundu na cheupe vikifuatana, nikakaa nacho asubuhi nzima nikikipiga msasa. Nilikuwa namwona Mkumbo akikizungusha mkononi na kusema, huyu sasa ni fundi. Mwishowe nikapasha chuma moto, nikakitosa, nikakinoa. Jioni navipanga vibao juu ya mkia ndipo naona. Hakuna tundu. Mfereji nimeuchimba vizuri sana kwenye mti, safi, unaelekea mahali pasipo na kitu.

Nilijaribu kekee, ncha ikakatika. Nikajaribu tindo, ikarudi nyuma na kunikwaruza kidole. Njia ilikuwapo, nayo naijua hata sasa: ningeulainisha mkia kwenye moto, bapa nimelizungushia tambara bichi lisiharibike, nikatoboa, na kama bapa lingeharibika ningelirudia upya. Ni kazi ya siku nzima. Mkumbo angefika kesho yake asubuhi na kukuta kisu hakijaisha, nami ningemwambia nimesahau. Hayo tu, mwanangu. Neno moja la kusema nimesahau. Nilihisi kama nikilitamka nitakufa kwa aibu.

Nyuma ya karakana kulikuwa na kopo la lami tuliyoitumia kuziba matundu ya bati. Nikaiyeyusha. Nikafunga fundo kwenye ncha ya kamba, nikalilaza ndani ya mfereji, nikamimina lami, nikafunika kibao cha pili, nikagongea ribiti. Ilipopoa nikakining'iniza kisu kwenye boriti, nikafunga jiwe la kunolea chini yake. Kikakaa bila kutikisika. Nikajiambia, sasa kuna tofauti gani? Tena nililala usingizi mzuri, nakuambia ukweli wangu wote leo.

Asubuhi Mkumbo akafika. Akatazama kisu mezani, akatazama vibao vimefungwa.

"Mbona umeshafunga?" akauliza. "Mzee huwa anatuonyesha ndani."

"Mzee mwenyewe alikagua kabla hajaondoka," nikamwambia.

"Kama Mzee ameona, basi yamekwisha." Akaitia kamba mkononi, akakiachia kisu kining'inie, akakipunga huku na huku, akacheka. "Raheli atafurahi. Yeye ndiye anayekaa chini."

Nikacheka naye. Sijui nilicheka nini.

Mzee aliporudi msibani, kabla hata ya kuvua viatu, akaniuliza, "Mkumbo aliona ndani?" Nikasema aliona. Akaniamini, kwa sababu miaka minne nilikuwa sijampa sababu ya kutoniamini.

Sasa lami, mwanangu, ikipata joto inalainika. Hilo kila mtu analijua, hata mtoto anayecheza barabarani mchana wa Oktoba analijua kwa nyayo zake. Nami nilijua. Na nilijua mrina asali hupanda na mwenge wa moshi, anaushika mkono mmoja na kisu mkono mwingine, na moto uko karibu na viganja vyake muda wote. Nilikataa kuviweka pamoja vitu hivyo viwili kichwani mwangu, kama wewe ulivyokataa asubuhi hii kufikiri jasho na asali na joto vinaifanya nini gundi yako.

Walikwenda kurina kule mteremkoni, mzinga wa pili au wa tatu. Nyuki wakawa wakali. Mkumbo akausogeza mwenge karibu na mkono wenye kisu ili moshi umkinge, mkono ukateleza kwa asali, akakiachia kisu, akijua kiko salama kwenye kamba. Kikashuka. Raheli alikuwa ametazama juu, anangoja ndoo. Alipokiona akainua mkono kujikinga uso. Kikampata hapa, chini kidogo ya kifundo, kikakata kano. Mungu alimhurumia uso na roho yake. Walimshona zahanati, jeraha likapona, lakini vidole vya mkono wa kulia havikunyooka tena mpaka leo.

Hayo niliyasikia kwa Mkumbo mwenyewe. Siku nne baadaye alikuja karakana, Mzee alikuwa ameenda kutafuta chuma, niko peke yangu. Hakuamkia hata. Akakiweka kisu mezani, akaiweka na kamba kando yake. Mwisho wa kamba ulikuwa mweusi kwa lami.

"Nimeiunguza kamba," akasema. "Nilisogeza mwenge nikasahau kamba. Ona ilivyokuwa nyeusi. Nimemkata mke wangu."

Nikasema pole. Tena pole niliisema vizuri.

Akaigusa ile ncha nyeusi ya kamba. Halafu akaniuliza, tena akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeomba maji. "Wewe ni fundi. Hebu niambie, kamba huungua haraka hivyo?"

Mwanangu, pale ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Mtu mwenyewe amekuja, ameuliza mwenyewe, hakuna mwingine wa kusikia. Hakuja kunishika shati. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia, "Si wewe." Nami nilikuwa mtu pekee duniani anayejua kwamba si yeye.

Nikamwambia, "Huungua."

Akatikisa kichwa, akaondoka. Kisu akakiacha, hakutaka kukiona tena. Niliupasua mpini ule wenye rangi mbili nikautia motoni, nao ukawaka kwa lami mpaka moshi mweusi ukajaa karakana. Mzee aliporudi nilimwambia Mkumbo ameunguza kamba. Mzee Msengi akahuzunika, akachukua jogoo wake mkubwa akaenda kumjulia hali mgonjwa. Alikwenda kumpa pole mtu kwa kosa lililofanyika kwenye benchi lake, na mimi nilimfunguia mlango akitoka.

Unadhani mambo yaliishia hapo. Ndivyo nilivyodhani mimi. Jeraha limepona, Mzee hajui, Mkumbo hanilaumu. Nikamaliza kujifunza, nikaja kujenga hapa Kinampanda, nikaoa mama yako, tukawa majirani na Mkumbo. Nikadhani muda utayafuta.

Mkumbo hakupanda mti tena. Mizinga yote aliwagawia ndugu zake. Akawa anatwanga mtama, anateka maji, anachanja kuni, kazi zote ambazo mkono wa Raheli haukuziweza, na wanaume wenzake wakamcheka mpaka wakachoka. Kisu hakushika. Nyama ikiwapo, alimwita jirani aje akate. Mara nyingi jirani huyo nilikuwa mimi. Nilikata nyama nyumbani kwa mtu yule, mwanangu, na mke wake akinishukuru.

Na halafu alipenda kuja kukaa karakana yangu. Vijana wa asali walipokuja kuchukua visu, Mkumbo aliwaambia, "Angalieni mwenge. Mimi niliiunguza kamba, nikamlemaza mke wangu. Msifanye uzembe kama wangu." Alisema hivyo mbele yangu, mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na mimi nimeshika tupa. Nikaendelea kupiga tupa. Kila mwaka niliahidi nafsi yangu kwamba nitamwambia akiwa peke yake, nitamwambia baada ya mavuno, nitamwambia Krismasi. Na kila mwaka ulivyopita, uongo ulizidi kuwa mgumu kuutoa, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na ile miaka yote niliyonyamaza.

Akaugua. Nilikwenda kumwona, nikakaa kando ya kitanda, tukaongea habari za mvua. Siku ya pili nikaenda tena, tukaongea habari za mvua. Siku ya tatu wakatuita usiku kwamba amefariki.

Tulipomaliza matanga nikaenda kwa Mama Raheli. Nilimkuta anapukuchua mahindi kwa mkono wake mmoja, gunzi amelibana kwa magoti. Nikamwambia yote, lami, tundu, "Mzee alikagua," "huungua," yote. Nililia, sikuficha. Hakuacha kupukuchua mpaka nilipomaliza.

Akasema, "Ungekuja wiki mbili zilizopita angekusikia."

Nikasema najua.

"Hujui," akasema. "Ulikuwa hulali naye wewe. Huyu mtu alikuwa anaamka ananishika mkono huu, ananiomba radhi. Mpaka wiki aliyokufa. Nilikuwa nikimwambia nimeshakusamehe, lala, haamini." Akaliweka gunzi chini. "Mimi mkono wangu niliusamehe siku ileile, kisu ni kisu. Yeye hakujisamehe. Sasa umekuja unataka nikusamehe kwa niaba ya nani?"

Swali hilo ninalo mpaka leo. Akaniambia niende, maana ana kazi. Ananisalimu kanisani, hajanisema popote, wala hajaniingiza tena ndani ya nyumba yake. Sijamwambia mama yako. Ukimtoa yeye, wewe ndiye wa kwanza kulisikia, na nimekuambia kwa hasira kwa sababu nimeona gundi yako ikiwa imekauka kwenye ncha ya kamba, na kwa muda kidogo sikujua kama mikono ninayoitazama ni yako au ni yangu ya wakati ule.

Ulisema ni kamba tu. Kamba ile ndiyo inayomfanya mtu aliye juu aachie mkono akishindwa, na ndiyo inayomfanya mke wake aliye chini atazame juu bila woga. Wale watatu hawakununua mninga wako unaong'aa. Watapanda kesho wakiamini kitu walichokitegemea kwako kwa sababu hawawezi kukiona, na chini ya kila mti kutakuwa na mtu amekinga ndoo.

Kusahau si dhambi, mwanangu, sikuchapi kwa hilo. Mhunzi ambaye hajawahi kusahau tundu bado hajafua visu vya kutosha. Ukisahau, sema siku ileile, aibu yake inakwisha kabla ya chakula cha mchana. Rudia kazi hata kama bapa litaharibika. Toboa kwanza, kabla hujafikiria rangi ya mti. Na mwenye kisu mwite aje apitishe kamba kwa mkono wake, hata akikuambia hana muda, hata akikucheka, hata akienda kwa fundi mwingine. Mpini ambao mwenyewe hajauona ndani usiufunge tena katika karakana hii. Nikikukuta umeufunga, nitaipasua kila kazi iliyomo humu kwa shoka, na unanijua sitanii.

Lakini hayo ni ya wiki ijayo. Ya leo ni haya. Utapanda gari la saa nne. Ukifika mjini utachukua la Ikungi, ukifika Ikungi utauliza njia ya kwa hao watu mpaka ufike, kwa pikipiki, kwa miguu, vyovyote. Simu endelea kupiga njiani, ila simu isikufanye ukae. Usiseme kuna hitilafu kidogo. Usiseme kiwanda cha gundi, usiseme joto, usiseme kamba mbaya. Kila mmoja mwamkie vizuri, mwambie, mimi ndiye fundi, nilisahau tundu, nikakubandikia kamba kwa gundi, nikakudanganya, naomba kisu. Watakutukana. Wacha wakutukane. Pengine mmoja atakupiga kofi, nawe usirudishe. Mimi ningetoa vidole vyangu vya mkono wa kulia ili Mkumbo anipige kofi hilo siku ile mezani.

Chukua koti langu, kule kuna baridi asubuhi. Nauli iko kwenye kikombe juu ya kabati. Honi hiyo naisikia mimi, gari limefika kwenye mabanda. Nenda mwanangu, nenda mbio. Mungu akupe kinywa ambacho mimi sikuwa nacho, na akufikishe kwao wakiwa bado wako chini.